Nyasi za Upande wa Kaskazini

Kwetu makaburi yanachanwa. Kila Jumamosi baada ya chakula cha mchana mtunza makaburi anachukua reki ya mbao, anaanzia ukuta wa kaskazini, anavuta mchanga akirudi kinyumenyume, mistari iliyonyooka, kaburi kwa kaburi na njia kwa njia, mpaka anatokea langoni akiwa ameufuta unyayo wake wa mwisho. Jumapili watu wakija ibadani wanakuta mchanga umelala kama nywele za mtoto aliyechanwa na mama yake. Hakuna jani, hakuna alama ya mguu. Ukikuta kaburi lisilo na mistari ni kama marehemu huyo hana mtu, na unapita ukitazama pembeni.

Makaburi yetu ni mia tatu na kumi na mawili. Nayajua kwa mgongo wangu.

Mtunza makaburi wa usharika wa Sønder Lyng ni baba yangu, Laust. Lakini majira ya baridi ya mwaka ule nilipofikisha miaka ishirini, aliteleza kwenye barafu akaangukia ndani ya kaburi alilokuwa amelichimba mwenyewe asubuhi. Waliokuwepo walicheka, naye akacheka kule chini. Kisha wakamwambia atoke na hakuweza. Nyonga ilipona vibaya. Tangu siku hiyo jina la kazi lilibaki lake, kazi ikawa yangu: kuchana, kuchimba, kupalilia, kugonga kengele asubuhi na jioni. Shule niliiacha na miaka kumi na minne, kama wenzangu wote wa huku pwani, kwa hiyo sikuwa na mahali pengine pa kwenda. Mama alikuwa amekwisha kufa zamani.

Tatizo la mchanga ni upepo. Bahari iko nyuma ya vilima, mwendo wa dakika kumi, na upepo wa magharibi unaruka ukuta wetu kila wiki ukiwa umebeba mchanga mwingine. Nikimaliza kuchana saa kumi, saa kumi na moja kuna makaburi yamejaa tena, na mistari imekwenda. Mvua nayo inatoboa vishimo. Katikati ya hayo magugu yanaota, kwa sababu magugu hayajali. Jumapili nilikuwa nakaa kanisani na macho yanafumba yenyewe. Mara moja nilisinzia mpaka kichwa kikagonga benchi la mbele, na aliyekaa benchi lile alikuwa Poul Vrist, mwenyekiti wa baraza la wazee.

Vrist alikuja nyumbani mwezi wa nane. Ni mkulima mkubwa, mtu wa maneno machache, mikono yake kama sepetu mbili. Alivua viatu vyake vya mbao mlangoni, akakaa, akanywa kikombe cha kwanza cha kahawa. Kwenye kikombe cha pili akasema:

"Laust, mkuu wa jimbo anakuja kukagua mwezi wa sita mwakani."

"Anakuja kila mwaka," baba akasema.

"Anakuja. Na mwaka huu aliona magugu."

"Mangapi?"

"Sikuyahesabu."

"Mimi niliyahesabu," nikasema. "Yalikuwa manne."

Vrist akanitazama kama vile kiti ndicho kilichosema. Kisha akamgeukia baba tena.

"Hakuna anayekufukuza, Laust. Tumesoma wote, mimi na wewe. Lakini kazi hii inataka mtu mwenye miguu miwili. Mwakani akikuta hali ni hii hii, itabidi tutangaze nafasi. Na nyumba, unajua mwenyewe, inakwenda na kazi."

Baba alikuwa anakoroga kahawa yake. Hakuwa ametia sukari. Alikoroga muda mrefu.

Mimi nilikuwa na jambo nimelifunga moyoni miaka miwili, na sikuwa nimepanga kulisema siku hiyo. Nyuma ya kanisa, kati ya ukuta na vilima vikubwa, kuna ardhi ya zamani wanakopita kondoo. Mchanga ni uleule wa kwetu. Lakini umeshikwa na nyasi fupi, nyembamba kama sindano, za rangi ya kijivu inayoelekea bluu, na sijawahi kuziona zikipita kifundo cha mguu. Hakuna anayezipanda. Hakuna anayezimwagia maji. Dhoruba iliyong'oa paa la ghala la mashua, asubuhi yake nilikwenda kutazama: hakuna punje ya mchanga iliyotoka chini ya nyasi zile.

"Nipeni upande wa kaskazini," nikasema. "Nioteshe nyasi."

"Nyasi," Vrist akasema.

"Zile za kondoo. Zinakatwa mara mbili kwa mwaka. Labda moja."

"Binti, nyasi ni kazi kuliko mchanga. Utaacha reki ushike mundu. Na kwenye mchanga ule! Babu yangu alikuja nyika hii haina hata panya. Baba yangu akaja, nikaja mimi. Miaka tisini tunaipa samadi na udongo wa chokaa ndipo ikatoa shayiri. Wewe unataka ioteshe bure?"

"Kule nyuma imeotesha bure."

"Kule nyuma ni nyika."

"Ndiyo."

Upande wa kaskazini una makaburi themanini na manne, ya kale. Jamaa zao wamekufa au walikwenda Amerika, na kama kuna anayelalamika basi yuko chini. Vrist alilijua hilo. Alikunywa kikombe cha tatu. Akasema zisiposimama kufikia ukaguzi, tangazo litatoka, na baba asije akasema hakuonywa. Baba akasema hatasema. Vrist akavaa viatu vyake akaenda.

"Ungeniuliza kwanza," baba akaniambia.

"Ungekataa."

"Ningekataa, ndiyo." Akacheka kidogo puani. "Haya. Kazi umejipa mwenyewe."

Mbegu nilikuwa nazo tayari. Mwezi wa saba nilikuwa nimekwenda nyuma ya ukuta na mkasi wa mama, nikakata masuke makavu nikajaza foronya mbili, si kwa mpango wowote, ni kwa sababu yalikuwa yameiva na mimi nilikuwa napita. Sikugusa yale majani marefu ya vilimani, maana yale ni ya serikali, yanazuia mchanga usije kutufukia, na ukikamatwa unayo mkononi ni kesi.

Niliondoa kwa toroli kokoto zote zilizochanganyika na mchanga wa juu. Siku kumi na tisa. Halafu mbegu: nilizichanganya na mchanga uliolowa kidogo ili upepo usizichukue, nikazitupa kwa mkono, nikafunga vipande vya mbao chini ya viatu vyangu nikatembea juu ya mahali pote, hatua kwa hatua, taratibu, kuzishindilia. Ukiwa mbali ungedhani mwendawazimu anacheza ngoma peke yake makaburini. Ndivyo alivyodhani Abelone.

Abelone ni mjane. Mume wake Terkel alikuwa mvuvi, na kaburi lake ni la mwisho kabisa kabla upande wa kaskazini haujaanza. Anakuja kila siku ya Mungu. Anasimama njiani, maana juu ya mchanga uliochanwa mtu hakanyagi, anamtazama Terkel kutoka hatua tatu, halafu anakagua mistari yangu.

"Unafanya nini, wewe?"

"Naotesha nyasi, mama Abelone."

"Nyasi! Terkel hakuzaliwa malishoni."

"Kaburi la Terkel siligusi. Mpaka ni hapa."

"Mpaka!" Akanyoosha kidole cha glavu. "Nyasi zinajua mpaka? Zitatambaa. Nitakuja siku moja nimkute mume wangu ana kondoo juu ya kifua."

"Hizi hazitambai, mama. Zinasimama kwa vishungi."

"Ukichoka sema umechoka," akasema. "Usimsingizie Mungu kwamba ndiye alitaka nyasi."

Nilikuwa nimechoka kweli, na mbao zangu bado zilikuwa na robo nzima ya kukanyaga.

Zilichipua wiki ya tatu. Ilibidi upige magoti uweke shavu chini ndipo uzione, kama nywele za mtoto mchanga zinavyoonekana kwenye mwanga tu. Mwezi wa kumi, kabla ya upepo mkubwa, nilitandaza juu yake matawi ya misonobari, yale tunayofunikia makaburi kila mwaka Krismasi ikikaribia, nikayabana kwa mawe. Upepo ulikuja. Upande wa kusini nilikuwa nazoa mchanga kwa sepetu kila Jumamosi kabla ya kuchana. Upande wa kaskazini mchanga ulikaa mahali pake. Sikumwambia mtu. Niliogopa nikisema utaondoka.

Mwezi wa tatu niliyaondoa matawi. Watu walitazama, wakatazamana. Zilikuwa chache, za kijivu, ngozi ya ardhi inaonekana kila mahali. Fundi seremala alimwambia baba mbele ya kanisa, "Laust, binti yako ameotesha kichwa chako," na baba akavua kofia akakipapasa kipara chake, akasema, "Changu kilikuwa kizuri zaidi." Walicheka. Lakini nyumbani hakucheka. Alikaa kwenye dirisha linaloangalia kaskazini, akavuta kiko kilichokwisha kuzimika.

"Zina njaa," akasema.

"Hazina. Ndivyo zilivyo."

"Mimi ni mtoto wa nyika, Sidsel. Naijua ardhi yenye njaa."

Mwezi wa nne, siku mbili baada ya kuchimba kaburi kwenye mvua, niliugua mapafu. Nililala siku tisa. Sikumbuki mengi ya siku zile ila dari, na Abelone amekaa kwenye kiti ananinywesha supu ya maziwa ya mgando huku ananisema, na kutoka nje harufu ambayo nilidhani ni ya homa.

Siku ya kumi niliamka nikafika dirishani. Nusu nzima ya upande wa kaskazini, ile iliyo karibu na lango, ilikuwa nyeusi. Baba alikuwa katikati yake, mkongojo kwapa moja, uma wa samadi mkono mwingine. Alikuwa anatupa kidogo kidogo, anapumzika, anatupa.

Nilitoka na shali.

"Rudi ndani, utakufa," akasema. Uso ulikuwa umemwiva kwa furaha. "Nimekusaidia. Nusu nimeimaliza. Nusu nyingine tutaifanya pamoja ukipona."

"Samadi umeitoa wapi?"

"Kwa Vrist. Ya nguruwe, na ya kuku, na chokaa ndoo nane. Nilikwenda mwenyewe kumwomba. Amefurahi, unajua? Amesema sasa ndiyo tunasema lugha moja."

Nilimtazama. Shati limelowa mgongoni, mguu mbaya unatetemeka peke yake kama mguu wa farasi. Hajafanya kazi ya siku nzima tangu aanguke. Nilikuwa nayajua ya kusema, yote, yamepangana kinywani. Nikasema, "Keti kidogo, baba." Nikamletea kile kiti cha jikoni, nikakiweka pale pale juu ya samadi, akakaa.

Mwezi wa tano nusu ile ikawa kijani. Sisemi kijani kidogo. Ilikuwa kijani ambayo pwani yetu haina, kijani ya kwenye kopo la rangi. Nyasi zilinenepa, zikainuka mpaka magotini, na katikati yake yakaota magugu ambayo sikuyapanda mimi, yaliyosafiri ndani ya samadi. Nilikuwa nakata kila wiki kwa mundu, nikizunguka kila jiwe kwa magoti, na Jumamosi ileile nachana makaburi mia mbili na ishirini na nane yaliyobaki. Vrist alikuwa amesema kweli: nilikuwa na reki, na mundu juu yake.

Jumapili moja baada ya ibada watu walisimama kutazama. Vrist alitia vidole gumba kwenye mikanda ya suruali, akatazama muda wa kutosha kunywa kikombe cha kahawa.

"Si mbaya sana," akasema.

Kwetu hakuna sifa juu ya hiyo. Ndicho anachosema mtu akimwona mtoto wake wa kwanza. Baba alinyooka mpaka akasahau mkongojo.

"Lakini ile nyingine," Vrist akaendelea, akionyesha nusu yangu, ya mbali, fupi na kijivu, "ile inakufa. Jumatatu nitaleta mkokoteni mzima. Imebaki mwezi mmoja, itawahi."

"Usilete, bwana mwenyekiti," nikasema.

Watu waliokwisha kugeuka kwenda nyumbani waligeuka tena.

"Sidsel," baba akasema.

"Asante, lakini usilete. Haijafa. Haitaki."

"Haitaki," Vrist akarudia, kwa upole, kama mtu anayeongea na mgonjwa. Akamtazama baba, si mimi. "Jumatatu, Laust."

Mkokoteni ulikuja Jumatatu saa mbili. Mtu wa Vrist aliumwaga langoni akaondoka. Nilikuwa kwenye pampu, nikamwona baba anatoka na uma. Alikuwa amevaa shati lake la kazi, safi. Nilimfikia akiwa amechota wa kwanza.

"Uweke chini, baba."

"Ni nyumba yetu unayochezea."

"Najua."

"Hujui. Nimeingia nyumba hii na mama yako amekubeba tumboni. Nikitoka hapa naenda wapi na mguu huu? Kwenye nyumba ya wazee, nikagombane na vipofu kuhusu dirisha? Mwenyekiti mwenyewe ametupa njia. Wewe unamkatalia mbele ya watu."

"Subiri mvua iache kunyesha. Hiyo ya kijani itaanguka. Imefundishwa kula, itataka kula kila siku, na maji juu yake. Mizizi yake iko juu juu, nimechimba nikaona, urefu wa kidole. Zangu nimechimba mpaka kiwiko sijaona mwisho."

"Unajua, au unadhani?"

"Nimetazama miaka miwili."

"Mimi nimetazama miaka sitini!"

Hapo nikasema jambo ambalo sikuwa nimewahi kulifikiria hata kitandani. Nikasema, "Ukimwaga hiyo samadi, mimi naacha. Sichani tena, sichimbi, sigongi kengele. Nitakwenda mjini Esbjerg kwenye kiwanda cha samaki, na wewe utakaa na kijani chako."

Sikuisema kwa hasira. Hasira inataka nguvu. Niliisema kama mtu anayeweka chini ndoo mbili zilizojaa.

Baba alinitazama. Alikuwa bado ameushika uma na samadi inadondoka. Kisha aliirudisha kwenye lundo, akausimamisha uma pale, akaingia ndani. Hatukusemezana siku tatu ila kwa "chakula tayari" na "mlango." Lundo lilibaki langoni. Jumapili usharika mzima ulipita kando yake ukiwa umeshika sketi na pua, na kila mtu alijua ni la nini na kwa nini liko pale.

Mvua iliacha wiki hiyo. Ukaja upepo wa mashariki, mkavu, kama unavyokuja miaka mingine mwezi wa tano, lakini mwaka ule haukuondoka. Siku thelathini na tatu. Shayiri ya Vrist mwenyewe iligeuka njano ikiwa na urefu wa kiganja. Nusu ya kijani ilianza kulala chini, kwanza saa sita mchana tu, ikiinuka jioni, halafu haikuinuka.

Siku moja nilitoka kanisani na kumkuta baba ana kopo la maji. Pampu iko kwenye kona ya ukuta, hatua hamsini. Alikuwa ananing'iniza kopo kwenye mkongojo, anakwenda, nusu inamwagika njiani, anamwaga iliyobaki, anarudi. Nilichukua ndoo mbili nikaingia nyuma yake. Tulibeba mchana ule, tukabeba kesho yake na siku ya tatu. Maji yalikuwa yanazama kabla hayajatulia. Unamwaga ndoo nzima, unageuka, pamekauka. Mikono yangu ilirefuka. Makaburi yalikuwa ya watu waliokufa kabla ya vita vya kwanza vya dunia na sisi tunawanywesha kama ndama.

Siku ya nne baba alisimama katikati ya safari. Alikuwa ameangalia ng'ambo, kwenye nusu yangu. Alikokota mguu mpaka kule, akainama kwa shida, akashika kishungi kimoja akavuta. Akavuta tena. Kikabaki pale pale, yeye ndiye aliyeyumba. Zilikuwa zimejaa wakati sisi tunaangalia kwingine: kishungi kimekifikia kishungi, fupi, kijivu, kavu kidogo nchani, lakini hai.

"Hukuzimwagia hizi?" akauliza.

"Hata tone."

Alilitazama kopo mkononi mwake.

"Acha zile zife, Sidsel," akasema. "Mimi nimechoka. Na wewe umechoka kuliko mimi."

Zilikufa. Tarehe kumi na nne mwezi wa sita mkuu wa jimbo alipofika, nusu ya lango ilikuwa majani makavu yaliyolala kama kitanda cha ng'ombe, na katikati yake, ya kijani peke yake, yale magugu ya samadini, yanayowasha ngozi, yamefika kifundoni. Ndiyo aliyoyaona kwanza. Nilikuwa nimeyakata wiki iliyotangulia na yalikuwa yameanza tena.

Mkuu wa jimbo, msimamizi wa wachungaji wote wa huku, ni mtu mwembamba mwenye miwani na kitabu cha ukaguzi. Pamoja naye alikuwa Vrist, koti jeusi, na nyuma yao Abelone, ambaye hakualikwa na mtu.

"Hii ni nini?" mkuu wa jimbo akauliza.

Vrist alisafisha koo. "Ni jaribio. La binti wa Laust."

"Limeshindwa."

Nilifungua kinywa. Baba akanitangulia.

"Hii nusu si jaribio lake," akasema. "Ni langu. Alikuwa mgonjwa, nikatia samadi. Yake ni ile kule." Halafu, kwa kuwa ni mtu wa haki, akaongeza: "Samadi ilikuwa ya mwenyekiti. Nzuri sana. Kosa si la samadi."

Shingo ya Vrist iligeuka nyekundu kuanzia kwenye kola kwenda juu. Mkuu wa jimbo alimtazama mmoja, akamtazama mwingine, akapita katikati ya majani makavu akiwa ameinua suruali, akafika kwenye nusu ya mbali. Akasimama juu yake. Akasogea hatua chache, akageuka kuangalia alikotoka. Hapakuwa na alama.

"Inakatwa mara ngapi?"

"Bado haijakatwa," nikasema. "Nitakata mbegu zikishaanguka. Mara moja."

"Inamwagiwa maji?"

"Hapana."

"Inapewa nini?"

"Haipewi kitu, mchungaji."

"Na mchanga? Mwaka jana mawe ya huku yalikuwa yamezama mpaka kwenye majina."

"Unakaa."

Aliandika. Anaandika polepole yule mtu. Wakati anaandika nilimwona Abelone. Alikuwa amekuja kwa njia ya nyasi ili asikanyage mistari yangu ya kusini, na sasa alikuwa amesimama nyuma ya jiwe la Terkel, karibu, mahali ambapo hajawahi kusimama tangu wamzike. Alivua glavu moja. Akaweka mkono juu ya jiwe, akautoa haraka, akavaa glavu.

"Mimi Terkel wangu achanwe," akasema kwa sauti kubwa, kama tumembishia. "Andika na hilo."

"Atachanwa, mama," mkuu wa jimbo akasema, na nadhani kweli aliandika.

Kahawa walikunywa kwa mchungaji wetu, si kwetu. Tulikaa jikoni, baba na mimi, tumevaa nguo za kanisani, tukisubiri kama watu walio kituoni. Baba alikuwa amekwisha kutazama kuta zote nne mara nyingi. Vrist alikuja peke yake. Safari hii hakuvua viatu, alisimama mlangoni.

"Nafasi haitatangazwa," akasema.

Baba aliitikia kwa kichwa. Akaendelea kuitikia.

"Lile lundo nitatuma mtu aliondoe. Na ile nusu ya... ile ya lango, ing'olewe yote, chini mpaka kwenye mchanga safi, ioteshwe upya. Kwa mbegu zako." Sasa alikuwa ananitazama mimi, na ilikuwa mara ya kwanza. "Mkuu wa jimbo anataka na upande wa kusini. Kaburi kwa kaburi, kwa wale watakaokubali. Uanze mwezi wa nane."

Nilijumlisha kichwani. Nusu ya lango, makaburi arobaini na mawili, na lazima uchimbue samadi yote. Kusini mia mbili na ishirini na nane, pamoja na njia. Toroli moja. Foronya ngapi za mbegu? Mwezi wa saba ulikuwa karibu sana, na mkasi wa mama ulikuwa butu.

"Miaka mitatu," nikasema. "Kwa sehemu sehemu. Si pungufu."

"Miaka mitatu."

"Na mtu wa kunisaidia toroli."

"Tutaona," Vrist akasema. Akashika kitasa, akakiachia. "Kule nyuma ya ukuta, kwa kondoo. Zinakaa hivyohivyo? Mwaka mzima?"

"Mwaka mzima, bwana mwenyekiti."

"Miaka tisini," akasema, si kwetu, akatoka.

Baba alisimama akaenda kuwasha jiko. Alikuwa anasema kitu kuhusu mbegu, kwamba mikono yake ni mizima na mkasi unaweza kunolewa, na kwamba kazi ya kukata masuke mtu anaweza kuifanya amekaa kwenye kiti. Nilimsikia mpaka kwenye kiti. Nililaza kichwa juu ya meza, kando ya vikombe, nikiwa bado na nguo yangu ya kanisani na viatu, na kahawa ilipoiva hakuniamsha.